Mkono wa Kulia wa Kiti cha Bi Zuhura

Iko siku moja, mdogo wangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo nageuka kutazama kama kuna mtu ananiona. Ilikuwa Alhamisi, saa tisa alasiri, ghorofa ya tatu, mtaa mmoja nyuma ya soko la Kariakoo. Nilikuwa nimesimama mbele ya kiti cha ngozi nilichokipaka rangi kwa mikono yangu, na mwenye kiti alikuwa ameinama, anautazama mkono wa kulia wa kiti chake.

Nakusimulia siku hiyo kwa sababu mama ameniambia umemaliza chuo, umerudi nyumbani, na siku hizi unaamka na simu mkononi ukijiuliza kama ile barua ya maombi ya kazi ilifaa kuanza na "Ndugu" au "Mheshimiwa". Sikucheki. Mimi ni dada yako, na ugonjwa huo tumeurithi pahali pamoja. Najua pia kwamba nasaha hutolewa na wenye mvi, nami sina hata unywele mmoja mweupe. Lakini hizi nilipewa na mzee, kwa hiyo zipokee kama zake. Mimi ni mpelekaji tu.

Mwaka ule nilikuwa na shahada ya utawala na sikuwa na chochote cha kutawala. Nilituma maombi, nikasubiri, nikatuma tena. Mjomba akachoka kuniona nimekaa sebuleni nikitazama simu. Akanipeleka mtaa wa Gerezani kwa rafiki yake, Mzee Nachenga, fundi wa viti vya ngozi.

"Hana mtu wa kumpokelea simu na kumwandikia oda," mjomba aliniambia. "Kaa naye mpaka mambo yako yakae sawa."

Mzee Nachenga aliingia mjini akitokea Masasi akiwa kijana, na hakuwahi kuhama Gerezani. Karakana yake ilibanwa katikati ya muuza shokapu za magari na fundi wa rejeta, na kutwa nzima nyundo zililia kulia na kushoto. Ndani mlikuwa na viti vilivyochoka vya kila aina: makochi ya ofisini, viti vya kuzunguka vya madaktari wa meno, mabenchi ya vinyozi. Watu walimletea ngozi iliyopauka na kupasukapasuka kama kisigino, wakirudi wiki ya pili walikuwa wanauliza kama hajawabadilishia kiti.

Nilimwangalia kazini miezi mizima, na nakwambia kweli, hakuna mhadhara niliousikiliza chuoni kwa makini kiasi kile. Kwanza aliigusa ngozi kwa mgongo wa mkono, si kwa kiganja, kwa sababu kiganja cha fundi, alisema, kimekufa ganzi. Halafu aliifuta kwa kitambaa chenye maji kidogo na sabuni ya kawaida, akaiacha ikauke, akaipitishia spiriti kutoa mafuta ya miaka ya migongo na vichwa vya watu. Kisha msasa laini kabisa, mkono mwepesi, kama anampangusa mtoto uso. Nyufa alizijaza kwa dawa yake akitumia kisu butu. Baada ya hapo ndipo rangi, kwa kipande cha sponji, mpako mwembamba aliouita koti, likauke, koti jingine jembamba, likauke. Mwisho dawa ya kumalizia, ile isiyo na rangi, inayoifunga rangi isichubuke na kuipa ngozi mng'ao wa utulivu. Wapo waliojaribu wenyewe nyumbani kwa dawa ya viatu, wakaja kwetu baada ya mgeni wa Idi kuinuka na kanzu yenye mgongo mweusi. Mzee hakuwahi kumcheka hata mmoja wao. Alisema tu, "Karibu, tuanze upya."

Waliocheka ni majirani. Muuza shokapu kila asubuhi alinipokea vilevile: "Msomi! Leo utapaka, au utafikiri kwanza?"

"Nitafanya vyote viwili," nilimjibu siku moja.

"Basi kiti hicho kitarudi kwao mwakani."

Alikuwa na haki. Mzee akinipa sponji nipake mguu wa kochi, nilimuuliza niupake kuanzia juu au chini, na akinijibu, nilikaa kujiuliza kwa nini amesema juu.

Sasa kuhusu Bi Zuhura. Alikuwa mjane, na babu zake walitoka Uarabuni zamani. Alikuwa na duka la vitambaa chini ya nyumba ileile anayoishi, duka aliloachiwa na mumewe. Ni mtu ambaye ukimwonyesha vitambaa viwili vyeusi anakwambia kipi kimewahi kuanikwa juani. Alitupigia simu, tukaenda na Mzee kukiona kiti nyumbani. Mzee hakukubali kiti kiletwe kabla hajakiona mahali kinapokaa.

Kilikuwa kiti kikubwa cha mikono, cha ngozi ya kahawia, kilichonunuliwa na marehemu kwa mgeni mmoja aliyekuwa anahama nchi. Kichwani palikuwa peusi kwa mafuta ya nywele, pa kukalia pamepasuka, na upande wa dirishani jua lilikuwa limekula rangi yote. Kwenye mkono wa kulia, pale kiganja kinapotua, palikuwa na doa jeupe, limekauka, ukubwa wa sahani ya chai.

Mzee Nachenga akaanza maswali yake. Nani hukikalia? Saa ngapi? Dirisha lile hufunguliwa? Nani anafuta vumbi, na kwa kitambaa gani? Nikayaandika yote kwenye daftari, huku nikidhani ni maongezi tu ya watu wazima. Kisha akapiga magoti, akainua mto wa kukalia, akamwonyesha Bi Zuhura ngozi ya chini ambayo haijaonana na jua.

"Hii ndiyo rangi kiliyozaliwa nayo. Unataka irudi hii, au ile uliyoizoea?"

Bi Zuhura akageuka. Akaingia jikoni, akarudi na sahani ya tende. Akazigeuza moja moja kwa kidole, akaiinua moja kwenye mwanga.

"Kama hii. Si hiyo nyingine, hiyo imeiva sana."

Mzee akaipokea kwa mikono miwili, akaifunga kwenye kipande cha gazeti kama mtu aliyepewa hirizi.

Ndipo Bi Zuhura akatueleza haraka yake. Ijumaa ya wiki inayofuata walikuwa wanakuja wazee wa posa ya binti yake, Salma. Mkubwa wao atakaa kwenye kiti hiki, mahali alipokaa baba yake Salma. Lakini shemeji yake, Bwana Nassor, mdogo wa marehemu, alisema kiti kimekuwa aibu ya ukoo. Alikuwa ameshachagua makochi mapya, lori linangoja neno lake, na hiki kitolewe.

"Nimemwambia aje Ijumaa asubuhi akione kwanza," alisema. "Kikimridhisha, kinabaki. Kisipomridhisha, kinaondoka mbele ya macho yangu. Nguo za mume wangu nimeshazigawa, Nachenga. Saa yake anayo mdogo wake. Kilichobaki ni hiki."

Alipokuwa anasema hayo alikuwa anapapasa lile doa jeupe la mkono wa kulia, taratibu, mbele na nyuma. Mkono wake mwingine ulishika kitambaa cha kufuma alichokuwa amekiondoa juu yake. Nikaiona picha hiyo, mdogo wangu, nikaondoka nayo.

Kiti kikateremshwa na makuli wawili na kuletwa Gerezani kwa guta la magurudumu matatu. Kwa siku nne Mzee alikifanyia kazi, nami nikimsaidia. Alichanganya rangi kwenye kopo huku tende iko kando yake juu ya gazeti, akipaka tone kwenye kipande cha ngozi, anatoka nacho nje juani, anarudi, anaongeza nyekundu kidogo, anatoka tena. Fundi wa rejeta akauliza kama tumefungua mgahawa. Mimi niliogopa tende itakauka ibadilike rangi, kwa hiyo nikaipiga picha, halafu nikaogopa picha nayo inadanganya. Mzee akaniambia nikachote maji.

Jumanne asubuhi akapata habari za msiba wa mkwewe kule Kibaha. Kiti kizima kilikuwa tayari isipokuwa mkono wa kulia.

"Huo nimeshaujaza na kuupiga msasa," akaniambia akiwa anavaa koti. "Rangi ni hii. Makoti matatu membamba, halafu dawa ya kumalizia kiti chote. Nitarudi Alhamisi asubuhi tukipeleke."

Maagizo hayo hata muuza shokapu angeyafuata. Mimi nikakaa chini mbele ya ule mkono, nikaanza kufikiri.

Nikafikiri: hapa marehemu alikuwa anaweka kiganja chake. Miaka yote ile, kila jioni, kiganja kilekile, mpaka rangi ikaondoka. Nikamkumbuka Bi Zuhura anavyopapasa. Nikajiambia, mama huyu amekwambia hana kingine kilichobaki, na wewe unataka kumpakia rangi juu ya mkono wa mumewe? Nikaona kwamba Mzee, kwa ustadi wake wote, hakuliona jambo hilo, na mimi peke yangu ndiye niliyeliona.

Nikataka kumpigia simu. Nikaandika ujumbe mrefu, nikaufuta; mtu yuko msibani, unamwulizaje habari za doa? Nikawaza nimwendee Bi Zuhura mwenyewe. Nikaona hapana, nikimuuliza nitamkumbusha marehemu, atalia dukani mbele ya wateja, na itakuwa mimi nimemliza. Siku ya Jumanne ikapita hivyo. Jumatano nikaamua. Nikapaka mkono wote makoti matatu, lakini lile doa nikaliacha. Nikalizungushia rangi kwa pamba, nikififisha ukingo kidogo kidogo mpaka likakaa pale kama mwezi. Halafu nikapiga dawa ya kumalizia juu ya kila kitu. Nakiri kwamba nilijisikia mtu mwema sana.

Alhamisi Mzee alichelewa, akafika saa nane mchana makuli wameshakifunga kiti kwa mablanketi.

"Mkono?" akauliza.

"Tayari, Mzee."

Akaitikia kwa kichwa, tukaondoka.

Kilipofunguliwa kule sebuleni, Bi Zuhura alishika mdomo. Alikizunguka. Kichwani hapakuwa na weusi tena, nyufa zilikuwa zimekwenda, na ile rangi ya tende ilikuwa imetulia kwenye ngozi kana kwamba haijawahi kuondoka. Akasema "Mashallah" mara tatu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Halafu akafika upande wa kulia, akainama. Hapo ndipo nilipoanzia kukusimulia.

"Nachenga," alisema hatimaye, "hapa rangi iliwaishia?"

Mzee akasogea, akatazama. Kisha akanitazama mimi. Nikaanza kueleza, na maneno yakatoka kama maji ya bomba lililopasuka: kwamba nimeliacha makusudi, kwamba ule ni mkono wa marehemu, kwamba nilimwona akipapasa, kwamba kumbukumbu ya mtu haipakwi rangi. Bi Zuhura alinisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulikwenda huku na huku, nikadhani analia.

"Mkono wa marehemu?" akasema. "Wewe binti, hapo pana mkono wangu mimi! Nilikuwa bibi harusi wa mwezi wa pili. Nikamwaga chai. Nikasikia kwa jirani kwamba limau linatoa doa, nikasugua limau. Halikutoka, nikasugua na dawa ya kung'arishia kanzu. Ngozi ikaungua mbele ya macho yangu. Tangu siku hiyo nakifunika kwa kitambaa, na mume wangu, Mungu amrehemu, kila akija mgeni anaita kwa sauti nyumba nzima isikie, 'Leteni kitambaa, limau la bi harusi linachungulia!' Miaka yote ya ndoa yetu. Nilimpenda, lakini hilo limau nilitaka nilizike kabla sijamfuata!"

Alicheka kidogo, kisha kicheko kikakatika.

"Na Nassor analijua. Kesho atakwenda moja kwa moja hapo."

Sikuwa na mahali pa kuweka uso. Nilingoja Mzee aseme ni mimi, na lilikuwa kosa langu, kila mtu mle ndani alijua. Yeye akavua kofia yake.

"Tumekosea, Bi Zuhura," alisema. "Jua halijazama. Tupe mpaka magharibi, na kesho asubuhi kidogo."

Tukateremka ngazi kurudi Gerezani kuchukua kopo na spiriti. Njiani nilisema mengi, siyakumbuki, yote yalianza na "nilidhani". Mzee alitembea tu. Alisalimiana na watu, akampisha mtu mwenye mkokoteni wa mashuka. Tulipofika kwenye njia ya mwendokasi tukasimama, basi lilikuwa linakuja.

"Mwanangu," akasema, "kutoka karakana mpaka kwa Bi Zuhura ni mwendo wa muda gani?"

"Dakika kumi na mbili. Kumi, kama hakuna mikokoteni."

"Na lile doa umelifikiria muda gani?"

"Tangu Jumanne."

Basi likapita na upepo wake. Akanishika kiwiko tukavuka.

"Siku mbili umemfikiria Bi Zuhura," alisema tulipofika ng'ambo. "Umemwonea huruma, umemlilia, umemwamulia. Na yeye mwenyewe hakuwepo."

Alipokuwa anafungua kufuli la karakana ndipo aliposema, kama anayeongea na kufuli, kwamba hata yeye ana la kujibu, maana alikuta kazi ya karakana yake imefungwa mablanketi na hakuyafungua. Nimekutana na wakubwa wengi tangu wakati huo, mdogo wangu, ofisini na kwingineko. Wanaojihesabia sehemu yao ya kosa bila kuulizwa nawahesabu kwa vidole.

Tuliporudi nilidhani ataifanya mwenyewe. Akanipa sponji.

"Kaa hapo."

"Mzee, nikiharibu tena?"

"Umemuuliza?"

"Nimuulize nini?"

"Chochote usichokijua."

Nikaweka tone la rangi kwenye doa kulijaribu, nikatafuta ndani ya kichwa changu ni nini nisichokijua. Nikageuka, nikamuuliza Bi Zuhura: kesho wageni wakiwa wamekaa, dirisha litakuwa wazi?

"Litafungwa," akajibu. "Kelele za barabarani. Tutawasha taa na feni."

Mzee akainuka mwenyewe akafunga dirisha, akawasha taa. Tukaona wote watatu, kwa pamoja, kwamba chini ya taa ile lile tone, kwa kuwa lilikaa juu ya weupe wa doa, lilikuwa na wekundu kuliko sehemu nyingine za kiti. Mchana wa dirishani lisingeonekana. Kesho, mbele ya wazee wa posa, lingeng'aa kama kidonda. Mzee akaongeza tone moja la nyeusi kwenye kopo, akakoroga. Niliona mdomo wake umelainika.

Nilifuta ile dawa niliyokuwa nimeipiga, kwa spiriti, mkono mwepesi. Nikapitisha msasa. Koti la kwanza. Likakauka kwa feni huku Bi Zuhura akitupa kahawa na kutusimulia harusi yake. Nikamuuliza kama ukingo umepotea, akavaa miwani, akasema bado, huku upande wa ndani. Mwanamke aliyetumia umri wake wote kutazama vitambaa, naye alikuwa tayari kunisaidia tangu Jumanne kama ningepanda ngazi zake tu. Koti la pili. La tatu likakauka adhana ya magharibi inaanza. Bi Zuhura akapitisha kidole, akatafuta, hakupata. Mzee akachomoa kile kipande cha gazeti mfukoni, akaiweka tende juu ya mkono wa kiti, akatazama, halafu akaitia mdomoni.

"Ushahidi nimeula," akasema. "Kazi imekubaliwa."

Ijumaa saa moja asubuhi nilikuwa pale peke yangu kupiga dawa ya kumalizia. Saa nne Bwana Nassor akaingia, mtu mrefu, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, simu sikioni, ninaamini na mtu wa makochi. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda kando ya mlango na vitambaa vyangu. Bi Zuhura alisimama nyuma ya kiti, mikono juu ya kichwa cha kiti, kama mtu aliyesimama nyuma ya mtoto wake siku ya mtihani.

Bwana Nassor hakuuliza habari. Alikwenda moja kwa moja mkono wa kulia, kama tulivyoambiwa. Akapitisha kiganja. Akainama. Akahamia mkono wa kushoto, akaupapasa, akarudi wa kulia.

"Lilikuwa upande gani?" akauliza.

"Upande gani nini?" akajibu Bi Zuhura, macho makavu.

Akamtazama shemeji yake. Kisha akakaa. Akaegemea, akaweka mikono yake juu ya mikono ya kiti, akafumba macho kidogo, na nilipomtazama nikaona kwamba na yeye alikuwa ni mtu aliyefiwa na kaka. Halafu akainua simu.

"Yule wa lori mwambie asije," akasema. "Tuna pa kumkalisha mgeni."

Bi Zuhura akaingia jikoni upesi, na sikumfuata. Nilipomaliza kukusanya vitu vyangu nilipiga hodi jikoni nikamuuliza kama kuna kitu ningefanya kabla ya kuondoka. Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio wake, akasema ndiyo, nimsaidie kupanga vikombe.

Hayo ndiyo, mdogo wangu. Bado nafikiri sana, usidhani nimepona. Barua hii yenyewe nimeiandika upya zaidi ya mara moja. Lakini kila nikijikuta nimekaa na jambo la mtu mwingine kwa siku ya pili, nasimama, navaa viatu.

Kwa hiyo nakupa hili. Hofu yako ya kuwasumbua watu usiiite heshima. Mimi niliiita heshima siku mbili nzima, na karibu mjane apoteze kiti cha mumewe kwa sababu ya heshima hiyo. Ukitaka kujua mtu anataka nini, mwendee. Ukiwa na mashaka na barua yako ya kazi, iko simu ya ile ofisi, piga, uliza, watakaokucheka hawatakukumbuka kesho. Ukikosea kazi ya mtu, usianze na "nilidhani"; sema umekosea, kisha sema lini utarekebisha. Na ukipata mtu mzima anayesimama mbele ya mteja akasema "tumekosea" wakati kosa ni lako, kaa karibu naye, mtazame anavyoshika kazi, usimwache mpaka umeiva.

Mungu akujalie wepesi wa miguu wa kwenda kuuliza, na milango ya watu ifunguke kabla hujapiga hodi ya tatu. Akuwekee njiani mafundi wenye subira na wateja wenye kucheka. Kazi yako ya kwanza iwe ya heri, na hata ukiiharibu, akubakizie mchana wa kutosha kuirekebisha. Amina.